Kumtafuta Mnyampala mjini Dodoma

Jumamosi nilizunguka maduka ya vitabu hapa mjini nikitafuta kitabu cha Mathias Mnyampala, mwandishi wetu wa Kigogo, kuanzia Jamatini mpaka karibu na soko la Majengo. Duka la tatu, kijana wa kaunta akaniuliza, "Huyo Mnyampala ni wa kidato cha ngapi, mama?" Yeye sina ugomvi naye. Anauza anacholetewa, na anacholetewa ni vitabu vya mitihani na vya kufundisha watu utajiri. Lakini nilirudi nyumbani koo limenikaba.

Chanzo ni Peponi, riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Nimeimaliza mwezi huu. Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na babake kufidia deni, bado hajanitoka. Msafara ulipoanza kupanda bara, hata hivyo, nilijikuta nasoma kwa uchungu mwingine. Wale wafanyabiashara wa pwani wanawaita watu wa bara washenzi. Najua mwandishi hasemi hivyo yeye, anaonyesha watu walivyokuwa. Iliniuma tu. Misafara ya kweli ilipita hapa, ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora, na simulizi nyingi za wasafiri zinalalamikia hongo ya Wagogo, yaani ushuru waliotoza misafara iliyopita nchini kwao. Nani alimuuliza mwenye kisima? Nchi hii ni kame. Kisima kinachimbwa kwa jasho la ukoo mzima, ng'ombe wanakisubiri tangu alfajiri, halafu wanatokea wapagazi mia tano wenye kiu. Wakishakunywa na kuondoka, watoto wa pale watakunywa nini? Kwangu mimi hongo ile ilikuwa bei ya maji, na ilikuwa haki.

Basi nikataka kusikia mtu wa upande wetu. Na yupo! Mathias Mnyampala, Mgogo, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969. Zile ngonjera tulizoghani shuleni mbele ya wageni rasmi, yeye ndiye aliyezieneza. Mwaka 1954 kilichapwa kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kwa Kiswahili, jamani. Mwaka 1995 kikatafsiriwa kwa Kiingereza, kikachapwa Marekani. Leo mwanafunzi wa ng'ambo anakipata kwa lugha yake, na mjukuu wa Mgogo hapa Dodoma hakipati kwa lugha aliyoiandikia mwandishi.



Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuchapa ni gharama na wanaonunua kitabu kisicho cha mtihani ni wachache. Lakini tangu serikali ihamie huku, mji umejaa watu wasiotujua, na wanachokijua juu ya Mgogo ni utani wa kuombaomba. Watoto wetu wanausikia darasani, wanacheka pamoja na wenzao kwa kuwa hawana cha kujibu. Cha kujibu kimeandikwa tayari, zamani. Kichapwe upya, kikae kila maktaba ya shule mkoani.

Nakala niliyoipata ni fotokopi ya mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu. Pembeni kuna kivuli cheusi cha mashine, mistari ya chini imekatika, na mtu ameongeza majina kwa kalamu ya bluu. "Nikurudishie lini, Mwalimu?" "Ijumaa, mwanangu. Na usiikunje." Nilipojaribu kuitoa kopi stesheneri, haikusomeka. Kwa hiyo tunainakili kwa mkono, mimi na binti yangu wa darasa la sita, kwenye daftari la mistari. Jana usiku alifika kwenye ukoo wa bibi yake. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Mama, hawa ndio sisi?"