Dawa Isiyowajua Nyoka Wetu

Boksi la dawa lililonikera liko mezani ninapoandika. Ubavuni limeorodhesha, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, nyoka wanne ambao dawa hiyo imetengenezwa kuzima sumu yao: swila wa India, krait na aina mbili za kipiri, wote wa Bara Asia. Mimi naishi Tukuyu, na krait aliye karibu nami yuko ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Shemeji yangu aligongwa kidoleni akichuma parachichi. Nyoka alikuwa wa kijani, na wazee wakatuliza watu kwamba nyoka wa majani hana neno. Kidole hakikuvimba sana, lakini jioni fizi zilianza kutoka damu. Kituoni nesi alivuta mililita 2 za damu, akazitia katika kichupa kipya cha kioo, kikavu, akakisimamisha dirishani. "Kaka, usikiguse, tusubiri dakika 20." Alipokiinamisha, damu ilitiririka bila kuganda, kama chai ya rangi. Shemeji akapewa dawa, na baada ya saa 6 kipimo kikarudiwa, kwa kuwa sumu ikishazimwa ini huhitaji takriban muda huo kurudisha protini za kugandisha damu. Ilitiririka tena. Nesi akalichukua boksi, akalisogeza kwenye taa, akasoma, akanyamaza.

Nesi simlaumu hata kidogo. Kwa kichupa kimoja alifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na wengine kabla dawa haijanunuliwa. Sumu ya namna hii huamsha protini za kugandisha damu kwa fujo hadi zinatumika na kuisha, na kila nyoka ana njia yake ya kuziamsha, kwa hiyo dawa iliyotokana na sumu ya nyoka mmoja inaweza isimguse mwingine kabisa. Jambo hili hupimika maabara: unatia sumu ya nyoka husika katika utegili wa damu (plazma, yaani majimaji yanayobaki chembe za damu zikitolewa), unahesabu sekunde hadi ugande, kisha unarudia ukiwa umeichanganya na dawa. Wenye viwanda hupenda kutuonyesha matokeo ya panya, ambao hudungwa sumu iliyokwisha kukaa nusu saa pamoja na dawa, kana kwamba nyoka wa Rungwe huomba radhi na kusubiri dawa ichanganywe ndipo augonge mkono. Sikatai kwamba panya kubaki hai ni habari njema, hasa kwa panya. Ninachodai ni kipimo cha kuganda kwa damu kinachotumia sumu ya nyoka wa kwetu, na matokeo yake yawekwe mezani pa mnunuzi kabla ya bei. Ghana walijifunza kwa makaburi: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza jinsi vifo vya waliogongwa na kipiri wa huko vilivyopanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1 baada ya dawa iliyozoeleka kubadilishwa na nyingine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba dawa hizi ni ghali na soko letu ni dogo. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza FAV-Afrique, dawa ya sumu za nyoka wa Afrika, mwaka 2014 na shehena za mwisho ziliisha muda mwaka 2016. Nakubali pia kwamba kama aliyemgonga shemeji ni boomslang, nyoka wa mitini, dawa yake ya pekee hutengenezwa Afrika Kusini, na ile ya mchanganyiko ya huko huko, inayozima sumu za nyoka kadhaa, haimhusu. Na kama ni yule kipiri wa vichakani aliyepewa jina la mlima wetu, Atheris rungweensis, hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Basi tuambiwe hivyo waziwazi, badala ya kutundikiwa dripu ya matumaini. Wanaocheka jiwe la nyoka na kamba ya kufunga mkono, ambavyo hata mimi sivitetei, wajue kwamba usiku ule boksi hili halikutusaidia zaidi ya hivyo.

Tulimhamishia hospitali kubwa mjini Mbeya, ndugu wanne wakajitolea damu. Siku ya nne asubuhi daktari alinipa kichupa nikiinamishe mwenyewe. Nilikiinamisha polepole, kisha nikakipindua kabisa, na bonge la damu likabaki limeng'ang'ania kitakoni.