Kilichobaki ni upande mmoja tu

Mwandishi wa ile makala kuhusu George Inn, baa ya Southwark, London, iliyokuwa nyumba ya wageni wa magari ya farasi, ameandika vizuri, ila hapo aliposema "imesimama nzima tangu 1677" ameteleza. Mwaka huo ilijengwa upya baada ya moto wa 1676, sawa. Lakini ilizunguka ua kwa pande tatu, na mnamo 1889 kampuni ya reli ya Great Northern ilibomoa pande mbili ili ipate nafasi ya maghala. Tunachokiona leo ni upande wa kusini peke yake. Kinachochekesha ni kwamba shirika la reli lililorithi kampuni hiyo ndilo lililoikabidhi kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, 1937!

Mkifika msiishie kaunta. Simameni uani mtazame juu, kwenye zile roshani ndefu za mbao. Hazikuwa pambo. Ndizo zilizokuwa ujia: mgeni alishuka kwenye gari la farasi pale uani, akapanda ngazi, akapita roshanini hadi mlango wa chumba chake. Ndani dari ni za chini, mrefu ainame kidogo. London nzima hakuna nyumba nyingine ya wageni wa magari ya farasi yenye roshani kama hizo iliyosalia.