Simba, Kondoo, Mkate: Yesu Ni Nani Tukimsoma kwa Sitiari?

Juzi nilipanda bajaji pale Mbagala Rangi Tatu. Kwenye turubai la nyuma yameandikwa maneno makubwa mekundu: SIMBA WA YUDA. Dereva mwenyewe kavaa jezi ya Yanga. Mama niliyekaa naye akashindwa kujizuia: "Mwanangu, Yanga mzima unatembeaje na Simba mgongoni?" Kijana akajibu bila hata kugeuka: "Mama, huyu si wa Msimbazi. Huyu hafungwi."

Tulicheka mpaka tunashuka, lakini jibu lile halikunitoka. Simba hafungwi: ndivyo Wakristo wengi wa mji huu wanavyomfahamu Yesu siku hizi, na mikutano ya injili imechangia. Ni Simba angurumaye, mapepo yanakimbia, madeni yanafutika. Andiko wanaloegemea lipo, ni Ufunuo 5:5. Yohana analia kwa sababu hakuna anayestahili kukifungua kitabu, na mmoja wa wale wazee anamwambia asilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Sasa soma mstari unaofuata. Yohana anageuka kumtazama huyo simba, anachokiona ni Mwanakondoo amesimama, kama aliyechinjwa. Baada ya hapo Kristo haitwi simba tena katika kitabu kizima. Anaitwa Mwanakondoo, mara 28.

Hapo ndipo penye ubishi ninaotaka kuupima. Tukiuliza Yesu ni nani, je, majina haya ya mafumbo (simba, kondoo, mkate, mlango, mchungaji, mzabibu, nuru) yanatupa jibu, au yanatusimulia tu kazi zake huku swali lenyewe likibaki palepale?

Wanaosema sitiari hizi hazitoshi wana hoja nzito, na wengi wanaozitetea sitiari hawajazijibu hoja hizo. Yesu anasema yeye ni nuru ya ulimwengu, Yohana 8:12. Vizuri. Lakini katika Mathayo 5:14 anawaambia wanafunzi wake, "Ninyi ni nuru ya ulimwengu." Yeye ni mchungaji mwema, lakini katika Isaya 44:28 Mungu anamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi, mchungaji wake. Na simba je? Petro anatumia mnyama huyohuyo kumweleza Ibilisi, angurumaye akitafuta mtu ammeze. Hata mwanakondoo hajasalimika: Ufunuo 13 ina mnyama mwenye pembe mbili mfano wa mwanakondoo, na anayosema ni ya joka. Ukimshika mtu kwa sitiari moja, umeshika mkia wa mjusi.

Aliyewahi kusimama kwenye mihadhara ya dini hapa Dar anaujua mchezo huu. Mhadhiri wa Kiislamu kashika Biblia, anamuuliza Mkristo: kama "mchungaji" maana yake Mungu, Koreshi naye ni Mungu? Mkristo anakimbilia Yohana 1, "Naye Neno alikuwa Mungu." Mhadhiri anatabasamu, kwa maana Kurani nayo, katika sura ya 4 aya ya 171, inamwita Masihi Isa mwana wa Maryamu neno la Mwenyezi Mungu alilompelekea Maryamu, na aya hiyohiyo inakataza kusema utatu. Neno moja, hukumu mbili. Umati unapiga kelele, kila upande unaamini umeshinda, watu wanarudi makwao.

Ugomvi huu si wa jana. Arius, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Hoja zake alizitoa ndani ya Maandiko, kwenye Hekima ya Mithali 8 na kwenye "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote" wa Wakolosai 1:15. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 waliona kwamba lugha ya picha peke yake inampa kila mtu pa kutokea. Wakachukua neno la Kigiriki lisilopatikana popote katika Biblia, lenye maana kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Wapo waliolalamika, na malalamiko yao yana uzito hata leo: kwa nini imani ipimwe kwa neno ambalo mitume hawakulitamka?

Lakini hebu iangalie kanuni ya imani waliyoitoa hapo Nikea. Watu waliotaka kuziba mianya ya mafumbo waliandika nini? Mwanga kutoka kwa mwanga. Walipofika pagumu kabisa, walirudi kwenye picha. Hapo ndipo upande wa pili unanivuta. Sitiari za Maandiko hazikukusudiwa kusimama mojamoja kama mabango ya barabarani. Zinasahihishana. Mchungaji wa Yohana 10 ni Koreshi tu mpaka usome Ezekieli 34, ambako Mungu amewachoka wachungaji wa Israeli na anasema atawatafuta kondoo wake yeye mwenyewe. Anayetokea baadaye na kujiita mchungaji mwema, mbele ya watu wanaoijua sura hiyo, amejiweka mahali ambapo Koreshi hakuwahi kufika. Sisemi hilo linamaliza ubishi wa mhadhara. Nasema ni hoja nzito kuliko mstari mmoja ulionyofolewa.

Kondoo naye anahitaji kuonwa kwa macho. Mbuzi wakishushwa kwenye gari machinjioni Vingunguti, mtaa mzima unajua. Akikamatwa miguu analia kama mtu. Kondoo analazwa, anatoa macho tu. Isaya 53:7 inazungumzia hilohilo: kama mwanakondoo apelekwaye machinjoni, hakufunua kinywa chake. Kiswahili kilishaliona pia, ndiyo maana tunasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Msikilizaji wa Kiswahili hapa ana mtaji ambao mhubiri anayenguruma hautumii.

Mkate ni shida zaidi. Hapa mjini mkate ni wa chai ya asubuhi, Blue Band juu. Mtu akila mkate mchana atakwambia hajala, kwa sababu chakula ni ugali au wali. Kwa hiyo "Mimi ndimi chakula cha uzima," kama Biblia ya Union, tafsiri ya Kiswahili inayotumiwa na Waprotestanti wengi, isemavyo katika Yohana 6:35, inatugusa kuliko mkate ungetugusa. Watafsiri wale walifanya hivyo pia katika sala: "Utupe leo riziki yetu." Wakatoliki wakabaki na mkate wetu wa kila siku. Nenda kwenye msiba wenye madhehebu mchanganyiko, sikiliza Baba Yetu ikifika hapo: sauti zinagongana, wengine riziki, wengine mkate, kisha zinatafutana. Riziki inaeleweka haraka, ila inapoteza kitu, kwa kuwa riziki haimegwi mikononi.

Mzabibu nauruka. Wengi wetu tunajua zabibu za Dodoma zikiwa kwenye mfuko.

Kuna waliojaribu kuchonga sitiari mpya. Padre Charles Nyamiti, Mtanzania, aliandika mwaka 1984 kwamba Kristo anaweza kueleweka kama mhenga wetu, ndugu aliyekufa ambaye bado ana undugu na walio hai na ndiye kiungo chao na Mungu. Waliompinga waliuliza inakuwaje mfufuka awekwe kundi moja na wafu wanaotambikiwa. Mimi naiona kazi yake kuwa ya heshima, maana aliuliza Yesu ni nani kwetu, si kwa Wagiriki. Tatizo lake limekuja kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Mwambie kijana wa Tandika leo kwamba Kristo ni mhenga. Matambiko hajawahi kuyaona, na kwenye simu yake mhenga ni mtu yeyote aliyewahi kukunja utepe wa kaseti kwa kalamu ya Bic.