Uwanja wa Nyasi Idaho, Ukuta wa Mawe Manda

Kwetu Lamu, pwani ya Kenya, ndege ndogo ikipita juu ya mji hakuna haja ya kuuliza imebeba nini. Ni watalii wanaoshuka Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wa ndege, au mgonjwa anayekimbizwa Nairobi, au ni mambo ya wanajeshi. Hutamsikia mtu barazani akisema, "Yule anakwenda kulala porini, kesho jioni atarudi." Huku Idaho, magharibi mwa Marekani, ninakofanya kazi na kulea wanangu, hiyo ni safari ya kawaida ya Jumamosi. Fundi wa mabomba, mwalimu mstaafu, muuguzi wa zamu ya usiku, wote utawakuta wamepakia hema, birika na sufuria kwenye ndege ya viti vinne wakaingia nayo milimani.

Kabla hamjanisema kwamba nimelewa Umarekani: sina ndege, wala sitarajii kuwa nayo. Mimi hukaa kiti cha kulia nikashika ramani. Mwenye ndege ni mwenzangu wa kazini, na hiyo Cessna 182 yake imenizidi umri. Sheria ya huku haimruhusu rubani mwenye leseni ya kibinafsi kufanya biashara ya abiria, ila anaweza kugawana gharama na wenzake mradi naye atoe fungu lake. Basi tunachangishana. Petroli ya ndege ni ghali hata kwa wao wenye nchi, na kuna miezi safari hufa kwa sababu hiyo tu.

Tunakokwenda mara nyingi ni Johnson Creek, karibu na kijiji cha Yellow Pine. Kwa gari utakula vumbi na kona nusu siku. Kwa ndege ni saa moja hivi. Uwanja ni wa nyasi, urefu wake futi 3,400, yaani kilomita moja na ushei, nao uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, ndani ya bonde lenye misonobari pande zote. Mnatua, mnaisukuma ndege pembeni chini ya miti, mnaifunga kwa kamba, mnasimamisha hema ubavuni mwake. Kuna meza, choo, bafu la maji moto. Kiingilio hakuna. Askari wa getini hakuna, maana geti lenyewe hakuna. Uwanja ni mali ya serikali ya jimbo. Wakati wa kiangazi huwapo mwangalizi, na kwenye viwanja vya namna hii kazi nyingi hufanywa na marubani wenyewe, wanaokuja na mashoka na mashine za kukatia nyasi wakajitolea siku nzima bila malipo.

Msidhani ni mchezo. Usiku wa kuamkia safari tunapima kila kitu kwa mizani ya bafuni: hema, magodoro ya upepo, chupa za maji, na sisi wenyewe pamoja na viatu vyetu. Hewa ya juu milimani ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Mbawa zinakosa cha kushika, injini inapungukiwa nguvu, na uwanja uliokutosha saa moja asubuhi unaweza kukupungukia saa nane mchana. Ndiyo maana watu huruka mapema, kabla upepo haujaanza kuyavuruga mabonde. Ndani ya bonde rubani hapiti katikati. Huambaa upande mmoja ili akilazimika kugeuza awe na pa kugeuzia. Mnara wa kumwongoza haupo, kwa hiyo hujitangaza mwenyewe redioni: niko mahali fulani, kimo fulani, naja kutua. Johnson Creek kwa kawaida hutuliwa kwa kuelekea mto unakotoka, na kuondoka hufuatwa maji yanakoteremka, kwa sababu huko ndiko bonde linakofunguka. Wakati mwingine hupita kwanza chini chini juu ya uwanja kuwafukuza swala. Na mafuta hayauzwi pale. Hesabu usipoipiga nyumbani, hutaipigia huko.

Nikiwa kwenye kiti kile cha kulia humkumbuka ami yangu, ambaye ni nahodha. Akienda Pate au Faza hupitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hauna ubishi: maji yakikupwa utakaa kwenye tope kati ya mikoko mpaka yajae tena. Hupanga mzigo wake kwa macho, wapi wakae wanawake na watoto, wapi magunia ya mchele, mtungi wa gesi usigusane na nini. Upepo wa kusi ukiwa mkali, atakuambia leo hapana, na hata umwoneshe noti hatabadilika. Sioni kwamba elimu ya rubani wetu inaizidi ya ami. Ila rubani wetu anaitumia elimu yake kuwafurahisha wanawe, na ami amezoea kuitumia kwa riziki tu. Starehe ya bahari anawapeleka wengine.

Nilimsimulia haya yote kwa simu. Kwake ilikuwa alasiri inakaribia, kwangu hata jua halijatoka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwenye uwanja mwamlipa ngapi, mwanangu?"

"Hatumlipi kitu, Ami. Ni mali ya serikali."

"Ya serikali, na hawajamgawia mtu?"

Nikamwambia bado. Akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi, akaniaga akaenda kutia udhu.

Swali hilo lilinikaa. Kwa nini hawajamgawia mtu? Si kwa sababu Wamarekani wana mioyo mizuri kutuzidi. Matajiri wa huku wanapenda kujenga kando ya mto kama wa kwetu wanavyopenda kando ya bahari. Jibu nimelipata kwenye sheria. Mwaka 1980 Bunge lao lilitenga pori kubwa la katikati ya Idaho, ambalo leo linaitwa Frank Church–River of No Return, zaidi ya ekari milioni 2, likawa hifadhi isiyopitwa na gari na ambayo hata msumeno wa injini hauruhusiwi. Kwa kawaida ya hifadhi kama hiyo, viwanja vya ndege vilivyokuwamo ndani vingeweza kufungwa. Lakini sheria yenyewe iliandika kwamba ndege zilizozoea kutua humo ziendelee kutua, na kwamba kiwanja kinachotumika kisifungwe moja kwa moja ila kwa hatari kubwa mno kwa ndege, na hata hivyo mpaka jimbo liridhie kwa maandishi. Johnson Creek uko nje kidogo ya pori hilo, ila msimamo wa kuvilinda viwanja ni ule ule. Watu wachache wenye vindege vyao vikuukuu wameandikiwa kifungu, na kifungu hicho kimewalinda mpaka leo.

Sasa tuje kwetu. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, 1979, eneo la bahari la Kiunga, kaskazini mwa Lamu, lilitangazwa hifadhi. Kule kuna visiwa vidogo 50 hivi, kasa wanataga, matumbawe, maji ya kijani kibichi mpaka unaona chini. Katika rika langu lote, waliowahi kulala huko kwa starehe yao, bila mgeni wa kumhudumia wala samaki wa kuvua, sidhani wanajaa mashua moja. Tunakujua kwa picha za watalii.

Najua nitajibiwa usalama, na wanaojibu hivyo wana haki. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na kisha Manda. Mwaka 2014 mji wa Mpeketoni ulishambuliwa, ukalia. Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ilishambuliwa na ndege zikateketea. Wavuvi wetu walikatazwa kuvua usiku kwa muda mrefu, na mwenye kujua uvuvi wa kwetu anajua usiku ndio wenye samaki. Mimi siwezi kukaa kwenye nchi yenye amani nikamwambia mtu wa Mkokoni, kijiji cha huko kaskazini, aende akalale ufukweni. Kwa upande wa kaskazini, nanyamaza.

Ila hatari hiyo haiuelezi ukuta wa mawe uliozuia njia ya ufukoni kule Manda, ule upande unaotazamana na kijiji cha Shela. Ukuta ule haukujengwa kumzuia mwenye bunduki, umejengwa kunizuia mimi na binamu zangu. Likizo iliyopita tulichukua dau, tukabeba viazi karai, samaki wa kupaka na thermosi ya chai, tukashuka ufukoni tulipokuwa tukiogelea tangu utotoni. Kabla hatujatandika mkeka akatujia askari wa nyumba moja ya wageni, kijana wa kwetu kabisa, rungu mkononi, akituomba radhi huku akitufukuza. "Nisameheni, ndugu zangu," akasema, "nikiwaacha hapa, jioni sina kazi." Tulimpa viazi viwili akala kwa haraka akitazama nyuma, kisha tukaondoka. Binamu yangu alitaka kugombana. Mimi sikuona faida ya kumgombeza mtu ambaye naye anatamani kukaa mkekani.

Na Katiba inasemaje? Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ardhi ya umma. Ufuo ule ni wetu. Lakini Katiba imetupa mchanga, na njia ya kuufikia imebaki kwa mwenye ploti. Ukija kwa chombo utaambiwa hapa hapaegeshwi. Ukija kwa miguu utakuta kichochoro cha zamani kimezibwa kwa matumbawe na saruji.

Sisi wenyewe pia tuna letu. Mama yangu nikimtumia picha ya hema hunijibu kwa sauti ya kunihurumia: mtu mwenye nyumba yake na kitanda chake, anatafuta nini mwituni? Wengi tunaona kulala nje ni shida ya wavuvi na wazimu wa wazungu. Kwa hiyo njia ikizibwa hatulalamiki, maana hatukuwa tukienda, na kwa kuwa hatuendi, ya pili inazibwa. Wakati huo huo, mambo ambayo huku hununuliwa dukani, kwetu ni bure. Huku kila kundi linachemsha pakiti yake ya chakula kikavu na kula limeinamia simu. Siku moja nilipika mbaazi za nazi na mahamri juu ya jiko dogo la gesi pale Johnson Creek, na mahema ya jirani yakatusogelea moja moja mpaka sufuria ikawa haitoshi. Mwenzangu hunitafutia kibla kwa dira ya ndege. Huku ni kaskazini ikiinamia mashariki, na mimi niliyekua nikisali kuelekea kaskazini moja kwa moja bado hujikuta nimepinda.

Ninachokitaka ni kidogo, na hakihitaji pesa za wafadhili. Kaunti iandike madiko yote ya zamani, yaani mahali pa kuegesha vyombo, na vichochoro vyote vinavyoteremka baharini, Manda, Shela, Kipungani, Matondoni, iyape majina yale yale wanayoyatumia manahodha, iyaweke kwenye ramani ya umma. Wenye mashua nao wayasafishe kwa zamu, wapande mikoko ilipokatwa, wabebe taka zao. Mtu akitaka kuziba moja, aitishwe mkutano wa kijiji kwanza, na mkutano ukikataa iwe imekataliwa.

Nikija likizo, insha'Allah, nitakwenda ofisi ya ardhi kuomba ramani ya njia za ufuo wa Manda. Ami amekubali kufuatana nami ingawa anasema tutaambiwa aliye na faili hayupo. Mwenye kutaka kuja naye aje na kitambulisho chake na nakala yoyote ya zamani aliyo nayo nyumbani, hata ya babu. Mtu mmoja huambiwa arudi kesho. Tukijaa kwenye benchi lao tangu asubuhi, watalazimika kuitafuta hiyo faili.