Leza kwenye braketi za kauri: tulainishe wapi hasa?

Watu wazima wengi wanaotaka kunyoosha meno bila chuma kuonekana kila wakicheka huchagua braketi za kauri, yaani vibandiko vidogo vinavyogandishwa kwenye meno kushika waya wa kuyanyoosha. Zilianza kutumika miaka ya 1980, nyingi zikitengenezwa kwa alumina (oksidi ya alumini), na rangi yake hujificha kwenye jino. Gharama yake ni msuguano. Sakafu ya mtaro unaopitisha waya, ukiitazama kwa hadubini, ina vishimo na vinundu, na alumina ni ngumu kuliko chuma cha pua, kwa hiyo waya hukwaruzika. Daktari huongeza nguvu ili jino lisogee; nguvu ikizidi, magego yanayotumika kama nanga nayo huvutwa mbele, na nafasi iliyopatikana kwa kung'oa jino zima huliwa bure.

Wazo la leza linaanzia hapo. Mwali wa leza ya kaboni dioksidi, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, hunyonywa vizuri na alumina. Ukipimwa sawasawa huyeyusha ngozi ya juu tu, vinundu vikalala, uso ukaganda laini kama wa kikombe cha chai. Kazi hiyo hufanyika kabla braketi haijabandikwa, kwa hiyo joto haligusi kiini cha jino. Wazo hilo nalikubali.

Hofu yangu ya kwanza ni nyufa. Alumina huyeyuka kwenye nyuzi joto 2,050 hivi za Selsiasi. Ngozi ikifika huko huku tabaka la chini likiwa baridi, kupoa kwa ghafla kunaweza kuacha nyufa ndogo mno. Chuma chenye ufa hupinda kikavumilia, kauri hukatika. Mabawa ya braketi hizi, yaani vijisehemu vinavyochomoza kandokando ya mtaro, tayari huvunjika waya unapoyasokota, na kipande chenye ncha kali mdomoni mwa mgonjwa si jambo dogo.

La pili ni zito zaidi. Braketi zilizochongwa kwenye fuwele moja ya alumina ni laini kuliko zile za chembechembe nyingi zilizoshikamanishwa, lakini msuguano wake haukupungua kwa kiasi kilichotarajiwa. Kwa nini? Tazama chonge la juu linavyorudishwa nyuma. Likivutwa, taji, yaani sehemu ya jino inayoonekana, hutangulia kuinama. Waya hubanwa na ukingo wa mtaro juu upande mmoja, chini upande wa pili. Jino linasimama. Mfupa ukijijenga upya, mzizi unafuata, waya unalegea, linapiga hatua nyingine. Kwa mwezi husogea milimita 1 hivi. Watafiti Robert Kusy na John Whitley wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitenganisha vizuri mambo haya: kuna msuguano wa kawaida, kuna kubanwa, na kuna waya kung'atwa na kingo. Kulainisha sakafu kunagusa la kwanza tu.

Ndiyo maana naona leza ielekezwe kwenye kingo, zipate mviringo zisiung'ate waya. Mshindani wake yupo: mtaro uliowekewa kipande cha chuma. Hicho huteleza vizuri zaidi, ila kinaonekana kwa mtu anayekukaribia, na mgonjwa alilipia kauri ili kisionekane.

Kama jaribio la wazo hili, kuvuta waya ulionyooka katika braketi kavu hakunitoshi. Waya uinamishwe, mate yawepo, kisha mabawa yasokotwe mpaka yavunjike, yale yaliyopigwa leza kando ya yasiyoguswa.