Walinzi Walipopewa Wali

Chuo kimoja hapa Mbeya, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado ninakula hapo, kiliamua kuponi za chakula cha mchana zichapishwe na kompyuta. Katika seva yetu ya Linux, yaani kompyuta kuu ya chuo, aliyelipia wali wa Kyela aliingizwa kwenye kundi lililoitwa wali, na wengine wote walihesabiwa kuwa wa ugali, chakula ambacho katika baridi ya Juni sioni sababu ya kukidharau. Kijana wa mafunzo kwa vitendo aliandika skripti, yaani programu fupi, iliyosoma makundi ya kila mtumiaji kwa amri ya id -Gn, kisha ikayapitisha kwenye grep, amri ya kutafuta maneno katika maandishi, ili itafute wali.

Saa saba mchana walinzi wote walijipanga dirishani na makabuti yao, kila mmoja ameshika kuponi ya wali, wakifuatwa na walimu na, nyuma kabisa, wazee wa kundi la waliostaafu. Grep, isipoelekezwa vinginevyo, huridhika ikizikuta herufi hizo nne zimefuatana popote katika mstari.

“Mama, mimi nimelipia,” mwanafunzi mmoja alilalamika mbele ya sufuria tupu.

“Mwanangu, hata mlinzi wa geti ana karatasi kama yako,” mpishi alimjibu.

Jioni kijana aliiongezea grep -w ili litafutwe neno kamili. Kesho yake walimu na walinzi walirudi kwenye ugali, lakini kundi la wasiotaka-wali, yaani watu waliojiandikisha rasmi wasiuone kabisa, likapakuliwa wali hadi ukingoni mwa sahani. Kwa grep, neno hujengwa na herufi, tarakimu na kistari cha chini. Kistari cha kawaida ni mpaka, na baada ya mpaka huo wali ulisimama peke yake. Jana yake malalamiko yao yalikuwa yamemezwa na shangwe za walinzi.

Nilishauri makundi yatenganishwe kwa tr, amri ya kubadilisha herufi, kila moja likae kwenye mstari wake, ndipo grep -Fx ilinganishe mstari mzima. Kuponi zikatulia.

Mzee wa geti alikuja ofisini, akanisikiliza kwa adabu nilipomweleza habari za mistari na vistari, kisha akanikabidhi barua iliyosainiwa na wenzake wote: waliomba kundi la walinzi lifupishwe, liitwe wali, ili kuokoa nafasi kwenye mashine.