Kokoro, njaa na dhamiri: dhambi ya mwaloni ni ya nani?

Katika jumuiya ndogondogo za Wakatoliki wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, lipo swali linaloweza kuchelewesha watu kurudi nyumbani baada ya sala: anayevuta kokoro, wavu uliokatazwa, kwenye mwalo, yaani ufukwe wa wavuvi, anatenda dhambi, au anavunja sheria ya serikali tu? Katekista atasema uvuvi haramu ni wizi, wizi umekatazwa na amri ya saba, na hapo mjadala umekwisha. Atainuka baba mwenye watoto wanne na kujibu kwamba Mungu anaijua nia yake, hakwenda ziwani kuharibu, alikwenda kutafuta pesa ya unga. Pembeni watu wataguna: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wote wawili wanasema jambo ambalo kweli limo katika mafundisho ya Kanisa. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameshika lile linalomfaa.

Tuanze na baba huyu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kuwa wema au ubaya wa tendo hupimwa kwa mambo matatu kwa pamoja: tendo lenyewe linalochaguliwa, nia ya mtendaji, na mazingira. Moja likiharibika, tendo zima limeharibika. Nia njema haiwezi kulisafisha tendo baya, na Mtume Paulo aliwakatalia Warumi wazo la kutenda mabaya ili yaje mema. Kwa hiyo kusema "nilikuwa natafuta chakula cha watoto" ni kweli, tena ni kweli nzito, ila haijajibu swali la kwanza: ulifanya nini?

Alifanya hivi. Kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa kwa mtumbwi, kisha watu wanapanga mistari miwili ufukweni na kuvuta kamba mpaka wavu utoke nje. Unapovutwa unasugua sakafu ya ziwa. Sato dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, na jike huyatunza mayai kinywani mwake; hapohapo ndipo wavu unapopita. Wavu ukifika mchangani utaona magugu, tope, vidagaa vya kila aina na sangara wa urefu wa kiganja, wakati sheria yetu inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Samaki hao wangekua, wangezaa, wangevuliwa na mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine ndiye anayenifanya nikubali kwamba hapa kuna dhambi, sio kosa la faini tu. Katekisimu, katika maelezo ya amri hiyohiyo ya saba, namba 2415, inadai uumbaji uheshimiwe, na inataja wazi kwamba mali za dunia zimekusudiwa watu waliopita, waliopo na watakaokuja. Kokoro lisingekuwa halali kimaadili hata kama kanuni za uvuvi zingelisahau. Hapo katekista yuko sahihi, ingawa sababu aliyoitoa ni nyembamba.

Utetezi wenye nguvu kuliko wote anaoweza kuutumia baba yule hautoki kwake mwenyewe. Uko kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino. Thomas alifundisha katika karne ya 13 kwamba mtu aliye katika shida kubwa, ya wazi na isiyo na njia nyingine, akichukua cha mwenzake ili aokoe maisha hajaiba, kwa kuwa vitu viliumbwa kwa ajili ya wote. Kanisa halijayaacha mafundisho hayo. Namba 2408 ya Katekisimu inayarudia. Nimeupima utetezi huu kwa muda mrefu kwa sababu ninataka umsaidie maskini. Kwa mtu aliyevuta asubuhi moja kwa kuwa mtoto ana homa na nyumbani hakuna kitu, naamini unamsaidia. Kwa kazi ya kila siku unakwama. Thomas alikuwa anafikiria ziada ya tajiri kwenda kwa mwenye njaa, ilhali kokoro linachukua kutoka kwa mvuvi wa mwalo wa jirani, mwenye nyavu halali na watoto wenye njaa ileile.

Lakini kusema tendo ni baya hakujamaliza suala la hatia, na hapa katekista ameruka hatua. Dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili. Hofu, kulazimishwa na mazoea hupunguza uwajibikaji wa mtu, wakati mwingine huuondoa kabisa. Sasa tazama ile mistari miwili inayovuta kamba. Mara nyingi mvutaji hana wavu wala mtumbwi. Analipwa kwa mgao mdogo wa kilichopatikana, na huenda tayari amekula mkopo wa tajiri mwenye wavu. Ridhaa yake ni kamili kiasi gani? Mwenye mtaji, aliyelala nyumbani Mwanza mjini, hana njaa inayomsukuma. Ndiye anayeagiza, ndiye anayejua, ndiye anayebakiwa na faida.

Wanaopenda kunukuu Veritatis Splendor, waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1993, huutaja kwa sababu unasisitiza kuwa yapo matendo maovu daima, haijalishi nia. Waendelee kusoma hadi namba 80. Katika orodha iliyonukuliwa hapo kutoka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, pamoja na mauaji na utumwa, yametajwa mazingira ya kazi yanayodhalilisha, ambamo mfanyakazi anageuzwa chombo cha kuzalishia faida. Ukali wa waraka huo, tukiupeleka mwaloni, unamwangukia tajiri kabla ya kumfikia kijana aliyeshika kamba. Inaniuma kwamba mahubiri niliyoyasikia kuhusu uvuvi haramu yanamlenga kijana.

Katika operesheni ya serikali dhidi ya uvuvi haramu ya mwaka 2018 nyavu haramu nyingi zilichomwa, na hofu ikatanda kwenye myalo. Hofu hupunguza kokoro kwa msimu. Dhamiri ya mtu haijengwi kwa moto.

Padre ana kitu ambacho doria haina, nacho ni fidia. Namba 2412 ya Katekisimu inasema kila aliyeshiriki wizi, au kunufaika nao akijua, anapaswa kurudisha kulingana na wajibu wake na sehemu aliyopata. Samaki hawarudishwi ziwani, ila fidia inawezekana. Tajiri anayekuja kuungama anaweza kuambiwa ausalimishe wavu, awafutie deni waliomvutia, na awanunulie nyavu halali wafanye kazi kama kikundi. Mvutaji naye, ambaye sehemu yake ilikuwa mafungu machache ya samaki, atadaiwa kidogo: aache kokoro mara tu atakapopata njia nyingine, na aitafute njia hiyo kwa dhati.